Karakana Inasema Nzima, Wodi Inasema Mbovu

Swali: "Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania. Tuna mashine tatu za oksijeni. Kila tukipeleka moja karakana inarudi na karatasi imeandikwa 'imekaguliwa, nzima', na wiki hiyohiyo oksijeni ya watoto inaanza tena kushuka. Mafundi wanasema wauguzi hatujui kutumia, sisi tunasema wao hawajui kutengeneza. Sasa mganga mfawidhi anataka tuunde kamati ya pamoja ya wauguzi na wahandisi wa vifaa tiba ili tuboreshe huduma. Kamati ya mwisho ilikufa baada ya vikao viwili. Tuanzie wapi? Na je, kuna mahali jambo hili limewahi kuzaa matunda, au ni mtindo tu wa siku hizi?"

Jibu:

Sista, naomba kamati isubiri kidogo, tuanze na hizo mashine tatu. Kwa maelezo yako, wodi iko sahihi na karakana iko sahihi. Mashine ni nzima ikiwa karakana na ni mbovu ikiwa kwako, na hakuna anayedanganya. Ukishaelewa kwa nini, utajua pia kamati yako inapaswa kufanya nini, na pengine utagundua kwamba huihitaji.

Mashine ya aina hii haina oksijeni iliyohifadhiwa ndani yake. Inavuta hewa ya chumba, ambayo ina oksijeni asilimia 21 na sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Kompresa inaisukuma hewa hiyo kupitia chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti, zeolaiti inashika naitrojeni, na kinachotoka kwenye bomba ni oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ikishuka chini ya 82, mashine iliyo sawa inatakiwa iwashe taa au ipige kelele. Ili ifanye kazi hiyo inataka mambo matatu ambayo hayamo ndani ya kava lake: hewa ya kutosha isiyo ya moto kuizunguka, umeme usioyumba, na mzigo usiozidi uwezo wake. Karakana ina yote matatu. Kuna meza pana, dirisha liko wazi, soketi ni ya peke yake, na hakuna mtoto hata mmoja anayevuta. Fundi anaiwasha saa nne asubuhi, anaipima, inasoma vizuri, anaandika "nzima".

Niliwahi kuitwa hospitali moja kwa shauri la namna hiihii. Mashine ilikuwa inakaa kwenye kona, kati ya ukuta na meza ya kumpashia mtoto joto, kwa sababu mpira wa oksijeni ulikuwa mfupi na soketi iliyokuwa hai ni moja tu. Mgongo wa mashine uligusa ukuta. Juu yake mama mmoja alikuwa ameanika kitenge kikauke, kwa kuwa ndipo penye joto. Kwenye ekstensheni ileile kulikuwa na hita mbili za watoto na birika la maji ya chai. Asubuhi tuliipima palepale ikasoma 94. Saa mbili usiku, mji mzima umewasha taa na pasi, umeme wa jengo umeshuka, hita zote ziko kazini, ikasoma 76. Taa ya tahadhari ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila upande wenye taa ulikuwa umegeuzwa ukutani.

Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa anajua. Katika kitabu cha ripoti cha wodi aliandika zaidi ya mara moja: "mashine ya kona inachoka usiku". Sentensi hiyo ndiyo uchunguzi wote: inataja mashine ipi, iko wapi, na saa ngapi. Lakini kitabu cha ripoti hakitoki wodini. Kinachokwenda karakana ni fomu, na fomu ile ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika tatizo, na katika mstari huo mtu wa asubuhi aliandika neno moja: "mbovu". Fundi alipewa mashine, hakupewa kona, hakupewa usiku.

Hatukubadilisha kipuri chochote. Tulitafuta mpira mrefu, fundi umeme wa hospitali akavuta waya wa soketi ya peke yake, ikawekwa stabilaiza, mashine ikasogezwa mbali na ukuta, na mhudumu wa usafi akabandika plasta sakafuni kuonyesha magurudumu yanapotakiwa kurudi akimaliza kupiga deki. Wazo la plasta lilikuwa la mhudumu mwenyewe. Yeye ndiye anayeisogeza kila siku, na hakuna aliyewahi kumwuliza anairudisha wapi.

Kabla hujapeleka mashine karakana tena, fanya haya ukiwa na fundi wako pembeni. Toa mipira ya puani kwa mtoto ambaye anaweza kupewa oksijeni kutoka chanzo kingine kwa dakika moja, itumbukize kwenye glasi ya maji safi, mtazame viputo. Visipotoka wakati mashine inaunguruma, kuna uvujaji kati ya mashine na pua, na mara nyingi mhalifu ni kifuniko cha chupa ya maji ya kulainisha hewa kilichofungwa kombo. Baada ya jaribio hilo mpe mtoto mipira mingine safi. Kisha jumlisha mikondo yote mliyofungua. Mashine ya lita 5 kwa dakika inayogawa kwa watoto wanne, kila mmoja lita moja, iko ndani ya uwezo wake. Akiongezwa wa tano kwa lita mbili, mshale wa mkondo utaonyesha hewa inatoka, watoto watasikia hewa puani, lakini usafi wa oksijeni utakuwa umeshuka bila mtu kuona. Tazama na chujio la nje: linaoshwa kila wiki kwa maji na sabuni, na lirudishwe likiwa limekauka kabisa. Chujio lenye vumbi la wiki tatu ni sawa na kumfunika mtu pua.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, kama jambo hili limewahi kuzaa matunda.

Moja ya mashine ulizonazo wodini, ile ya mwanga ya kutibu manjano, ilianza kwa muuguzi. Katikati ya miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa msimamizi wa wodi ya watoto njiti. Alikuwa anaamini hewa safi na jua, na siku za joto aliwatoa watoto nje uani. Mwaka 1956, madaktari wakiwa kwenye mzunguko, aliwafunulia mtoto mmoja wamwone: mwili umetulia rangi, isipokuwa kipande kimoja ambacho bado kilikuwa cha manjano kukolea. Kipande hicho kilikuwa kimefunikwa na kona ya shuka wakati mtoto anaota jua. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye ugonjwa wa manjano ikasahaulika dirishani juani, na kipimo chake cha manjano kikatoka chini kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza fremu ya taa za fluoresenti zenye mwanga wa samawati, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Ndiyo hiyo mashine ya mwanga.

Angalia kazi ilivyogawanyika pale. Muuguzi aliona, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anamvua na kumvika mtoto kila siku. Wengine wakapima, wakajenga. Wangeanza na kujenga, wangejenga nini?

Na mashine hiyohiyo inaweza kukufaa kesho kama zoezi la kwanza na mafundi wako. Waulize lini mara ya mwisho mwanga wake ulipimwa kwa kipimo, si kwa macho. Jicho linaona taa inawaka, linaridhika. Lakini balbu za fluoresenti hupoteza nguvu ya mwanga wa samawati, ule unaotibu, huku zikiendelea kung'aa kama kawaida. Tiba kali ya manjano inataka angalau maikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita katika eneo la samawati, na hiyo inapimwa kwa kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Umbali nao unahusika: taa ikipandishwa ili wauguzi wapate nafasi ya kumhudumia mtoto, kisha ikasahaulika juu, tiba inapungua. Wauguzi wengi huwa wameshahisi kabla ya kipimo. Wanasema, "Siku hizi watoto wa manjano wanakaa sana." Kauli hiyo iandikwe na imfikie fundi, kwa sababu ni taarifa ya mashine.

Tuje Afrika. Nchini Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth iliyoko Blantyre, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Texas walishirikiana na madaktari na wauguzi wa hospitali hiyo kutengeneza mashine ya kumsaidia mtoto anayehema kwa shida, ile inayopeleka hewa yenye mgandamizo puani ili mapafu yasijifunge. Mashine za aina hiyo zilizokuwa sokoni zilikuwa za bei ambayo hospitali nyingi za kwetu hazifikii. Ya kwao, iliyokuja kuitwa Pumani, mfano wake wa mwanzo ulitumia pampu za matangi ya samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika watoto wachanga waliokuwa na shida kali ya kupumua, waliopona kwa mashine hiyo walikuwa asilimia 71, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani.

Mimi ninachokipenda zaidi ni chupa yake ya maji, ambayo ni fizikia ya zamani kabisa. Bomba la hewa inayotoka linazamishwa kwenye maji, na mgandamizo anaoupata mtoto ni ule wa kina cha bomba: sentimita sita za kuzama ni mgandamizo wa sentimita sita za maji. Hakuna namba ya kusoma kwenye skrini, hakuna alamu ya kuzima. Muuguzi mmoja mwenye watoto ishirini, usiku, akipita mlangoni anageuza shingo tu. Maji yakichemka viputo, mgandamizo upo. Yakitulia, kuna mahali pamefunguka, na mara nyingi ni puani: mrija umechomoka au mtoto ameachama. Kifaa cha hivyo kinamfaa mtu anayekitumia, kwa idadi ya watoto alionao, saa aliyo kazini. Linganisha na mashine zinazolia kila dakika tatu hadi sikio la wodi nzima linazizoea. Muuguzi anayezima alamu aghalabu si mzembe. Amepewa mashine iliyowekewa mipaka na mtu ambaye hajawahi kuisikiliza kwa saa kumi na mbili mfululizo. Chukua kipimo cha oksijeni ya damu: kwa njiti aliye kwenye oksijeni lengo la kawaida ni kati ya asilimia 90 na 95. Kipimo kikiwekwa kilie mtoto akishuka chini ya 94, kitalia usiku kucha, kisha hakitasikiwa siku kinaposema kweli. Oksijeni ikizidi pia inaharibu macho ya njiti, kwa hiyo suluhisho si kufungua tu mkondo ili alamu inyamaze. Mpaka wa alamu ni jambo la kuamuliwa na watu watatu wakiwa wamesimama mbele ya kitanda: daktari, muuguzi na fundi anayejua kitufe kiko wapi.

Hapa nyumbani mfano mzito ni wa Haydom, Mbulu, mkoani Manyara. Ulianza kwa somo chungu kidogo. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua katika dakika ya kwanza, ile inayoitwa Dakika ya Dhahabu, yalipofanyiwa tathmini katika hospitali nane za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47. Ni matokeo makubwa. Lakini pale Haydom, watafiti waliokaa chumba cha kujifungulia na saa mkononi waliona kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafaulu kwenye mwanasesere, huku wakiwa na mtoto halisi mbele yao wakiendelea kufanya karibu kama zamani. Semina ilifaulu, zamu haikubadilika. Kilichobadilisha ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache, palepale kazini, kwa ambu ileile (mfuko wa mkono wa kumsukumia mtoto hewa) na meza ileile. Yalipoanza hivyo, vifo vya siku ya kwanza vilishuka.

Katika mazingira hayo ndipo vifaa vilipotengenezwa, wahandisi wa Laerdal Global Health ya Norway wakifanya kazi na wakunga wa Haydom: Moyo, kifaa cha kufungwa tumboni kwa mkanda kinachosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto mfululizo, badala ya mkunga kuinama na kifaa cha sikioni kila nusu saa akiwa na akina mama watano, ambu inayoshikwa wima ili barakoa ikae vizuri usoni, na mwanasesere wa mazoezi anayemwambia mkunga kama hewa aliyosukuma imeingia. Mpango uliokusanya hayo yote, Safer Births Bundle of Care, ukapelekwa kwenye vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, ya akina mama wapatao 280,000 na watoto wao, yalichapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.9 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kwa takribani robo tatu.

Usiniambie ni mashine pekee iliyofanya hivyo. Mikoa iliingizwa kwenye mpango kwa awamu, ikalinganishwa kabla na baada ya kuingia, na katika miaka hiyo mambo mengine nayo yalikuwa yanabadilika, rufaa na usafiri mojawapo. Ila ukisoma jinsi walivyokuwa wanafanya, utakuta jambo ambalo nalipa uzito kuliko vifaa: kila kituo kilikuwa na wakunga wake wenyewe walioshika usukani wa mazoezi, na takwimu za kituo zilirudi kituoni zikajadiliwa na waliozizalisha. Nani kachelewa kuanza ambu, kwa nini, ilikuwa wapi. Sisi tumezoea takwimu kwenda mkoani na kutorudi.

Sasa tuje kwako. Kamati za hospitali zetu nyingi hufa kwa sababu mbili. Zenye posho hufa posho ikikatika, zisizo na posho hazizaliwi. Na zote huanza na ajenda pana, "kuboresha huduma," kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukifunga na kusema kimekwisha. Mwambie mganga mfawidhi kwamba mnataka jambo moja, mashine moja, wodi moja, na kwamba mtamletea matokeo ya jambo hilo kabla ya kuomba la pili.

Kitu cha kwanza kukibadilisha ni ile fomu. Iwe na maswali manne tu: ilitokea saa ngapi, mashine ilikuwa wapi, ilikuwa inamhudumia nani na kwa mkondo gani, na ulifanya nini ikatulia. Swali la nne ndilo lenye dhahabu. Wauguzi ni mabingwa wa kutuliza mashine: huyu anajua ukiigonga ubavuni inarudi, yule anajua ukichomoa hita inapata nguvu. Kila ujanja wa namna hiyo ni ripoti ya hitilafu ambayo haijaandikwa. Fundi mzuri akisikia "tukichomoa hita inapata nguvu," hafungui mashine, anakwenda kwenye soketi.

Cha pili, fundi alale wodini. Namaanisha zamu moja ya usiku, nzima, si kupita na kusaini. Akae, asikilize, asaidie kubeba, aone saa tisa usiku inavyokuwa watoto wawili wakishuka kwa pamoja na tochi ya simu ndiyo taa. Hapo mtapata upinzani, na wala si wa uvivu: fundi wa wilaya mara nyingi ni mmoja, anatazamiwa na vituo vyote, na usiku wake haulipwi. Mganga mfawidhi alipe usiku huo, au ampe siku ya kupumzika. Ni gharama ndogo kuliko kikao kimoja cha kamati chenye chai na maandazi. Na wewe siku moja nenda karakana wakati mashine yako inafunguliwa. Utaona rundo la vitambaa, uji uliokauka ndani ya feni, nyaya za kipimo cha oksijeni zilizopauka na kupasuka kwa sababu ya klorini. Hilo la klorini, kwa kweli, mafundi wako hapo wana haki. Maji ya klorini ya asilimia 0.5 mnayofutia meza yanakula nyaya na vihisi. Lakini fundi asiishie kulalamika, aandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye kifaa chenyewe, kinachofutiwa ni nini. Vingi vinakubali spiriti ya asilimia 70. Na mtu wa udhibiti wa maambukizi awepo wakati wa kuandika, la sivyo atakuja kesho na agizo lake.

Kuna jambo moja ambalo lisiporekebishwa mengine yote ni bure. Kama hospitali yenu ina tabia ya kumkata mshahara muuguzi ambaye kifaa kimeharibikia mkononi mwake, au kumwandikia barua ya kujieleza, hamtapata ripoti hata mkichapisha fomu za dhahabu. Mashine itafichwa stoo nyuma ya maboksi, na kila mmoja atasema aliikuta hivyo alipopokea zamu. Mganga mfawidhi atamke mbele ya watu, na aandike: anayeripoti hitilafu haulizwi nani kavunja. Anayeficha ndiye anayeulizwa.

Mafundi nao wanahitaji kutetewa. Mapitio ya mwaka 2011 ya orodha za vifaa katika nchi za kipato cha chini yalikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi. Watu wakisoma hapo hulilia vipuri. Lakini uchambuzi mwingine wa maombi ya matengenezo katika hospitali za namna yetu ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya vifaa vilivyokuwa vimesimama vilirudishwa kazini bila kipuri chochote cha kuagiza nje. Umeme, mabomba, kusafisha, kurekebisha, na kumwelekeza mtumiaji. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko wodini, na haiwezi kufanywa na mtu ambaye karakana yake iko nyuma ya chumba cha maiti na anaitwa tu pale kitu kinapotoa moshi.

Mkifika kwenye manunuzi na misaada, hapo ndipo sauti ya muuguzi inapopotea kabisa. Makablasha ya zabuni yanajazwa na watu ambao hawatakiwasha kifaa hicho maisha yao yote. Omba jambo dogo: kabla kifaa hakijapokelewa, kikae wodini usiku mmoja. Je, plagi inaingia kwenye soketi zetu? Ni cha volti 230, au kimetoka nchi ya volti 110 na kitaungua siku ya kwanza? Mipira yake ya puani iko ya saizi ya njiti, na inapatikana Bohari ya Dawa, au ni ile iliyokuja ndani ya boksi na ikiisha basi? Mtu aliyevaa glovu zilizolowa anaweza kubonyeza vitufe vyake? Mfadhili akikasirika kwa maswali hayo, nakuhakikishia atakasirika zaidi akirudi mwakani na kukuta mashine yake imekuwa meza ya kuwekea mafaili.

Vijana wanaosomea uhandisi wa vifaa tiba sasa wapo, Muhimbili na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam wanawafundisha, na wanatafuta mahali pa mazoezi kwa vitendo. Andika barua, omba wawili. Wape zamu kama za wanafunzi wa uuguzi, kuanzia kupokea ripoti asubuhi. Usiwaombe wavumbue kitu. Waambie wahesabu hatua ambazo muuguzi anatembea kutoka kitanda cha njiti hadi sinki, hadi kabati la dawa, hadi ilipo ambu, kisha wachore njia hizo kwenye ramani ya wodi. Nimeona ramani ya namna hiyo ikihamisha kabati ambalo barua tatu zilishindwa kulihamisha. Ukutani inaonekana wazi kwamba ambu iko mita kumi na mbili kutoka kwa mtoto, ndani ya kabati lenye ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda mapokezi.

Kuhusu fedha, najua mganga mfawidhi atakuuliza mnahitaji kiasi gani na utaona aibu kutaja orodha ndefu. Usitaje orodha. Omba kipimo kimoja cha usafi wa oksijeni, kile cha kushika mkononi kinachosoma asilimia kwenye bomba. Huenda karakana wanacho. Kama wanacho, omba kihamie kwako. Kifungwe kwa kamba kwenye meza ya wauguzi, na kila zamu ipime mashine zote tatu pale zilipo, ikiandika asilimia na saa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kila mashine. Hakikisheni zamu ya usiku inapima saa mbili hadi saa nne, mzigo ukiwa umewashwa wote. Baada ya wiki mbili mwite fundi, mpe zile karatasi tatu, kisha niandikie tena mkiwa mmeshazisoma wote wawili.